MASHINE YA KUKAUSHIA NGUO: HESABU KWANZA, DUKA BAADAYE

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maarifa ya nyumbani pamoja na hesabu.

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya saa ya redio, andika ubaoni maneno haya sita: uniti, wati, lebo, mvuke, kukamua, nyuzi. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu. Anayeweza na alete karatasi yake ya mwisho ya kununulia umeme.

Natumaini mmekwisha kaa, na walio nyuma wanasikia vizuri. Yasomeni kwanza yale maneno sita ya ubaoni, polepole, kwa sauti moja. Vema. Sasa tuanze.

Somo la leo ni juu ya kukausha nguo. Najua baadhi yenu wamecheka. Mtasema, "Mwalimu, hata kuanika nguo kwataka kufundishwa? Jua liko na kamba iko." Maneno hayo ni kweli kwa mtu wa Dodoma mwezi wa Septemba. Lakini muulizeni mtu wa Njombe, Lushoto, Bukoba au Limuru wakati wa mvua. Atawaambia kwamba nguo alizofua Jumatatu hata Alhamisi bado ni mbichi, na zimeanza kunuka. Tena muulizeni mtu wa mjini anayekaa chumba cha ghorofani kisicho na ua wala baraza. Mvua ama kiangazi, hana mahali pa kutundika kamba.

Watu wa namna hii sasa huona madukani mashine ya umeme inayokausha nguo. Nguo hutiwa ndani ya pipa, pipa huzunguka, hewa ya moto hupita ndani yake, na baada ya saa moja au zaidi nguo hutoka kavu. Ni kitu kizuri. Lakini ni kitu kinachokula umeme, na kuna watu walioinunua kwa furaha wakajuta mwezi wa pili. Leo nataka tujifunze namna ya kupima kama nyumba yako ndogo yahitaji mashine hiyo, na kama yahitaji, ni ipi isiyokufilisi.

1. Kwa nini jambo hili si dogo

Nguo zisipokauka, watu hutafuta njia. Mama mwenye mtoto mchanga ana nepi kumi mbichi na usiku umeingia. Afanye nini? Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakatandaza nguo juu ya viti kulizunguka jiko, kisha wakalala.

Ndugu zangu, msifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, wala haina harufu. Mtu aliyelala haisikii. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa ile hewa nzuri tunayoihitaji, na mtu hufa usingizini bila kelele. Hata jiko likionekana limebaki majivu mekundu tu, sumu bado inatoka. Hakuna nguo yenye thamani ya roho ya mtoto.

Wengine huvaa nguo zikiwa na unyevu, au huzianika chini kwenye majani. Hilo nalo lina hatari yake. Katika sehemu nyingi za Afrika yuko nzi anayetaga mayai yake juu ya nguo mbichi na juu ya mchanga. Nguo ikivaliwa, funza wake huingia katika ngozi na kufanya jipu lenye maumivu. Ndiyo maana wazee walituambia tupige pasi hata nguo za ndani na nepi. Si urembo, ni afya, kwa sababu moto wa pasi huua mayai hayo.

Basi mmeona. Kukausha nguo vizuri ni jambo la afya na la fedha. Na sasa tuanze na fedha.

2. Unalipia maji, si nguo

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, nawaomba mliandike: Mashine ya kukaushia haikaushi nguo bure, inafukuza maji, na kila lita ya maji ina bei yake.

Mnajua kwamba maji yaliyo sufuriani hayageuki mvuke mpaka yapate moto mwingi. Maji yaliyo ndani ya shati ni yale yale. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwataka nguvu ya umeme yapata theluthi mbili za uniti.

Uniti ni nini? Ni kipimo cha umeme tunaonunua, kama vile kibaba kilivyo kipimo cha mchele. Kitu cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja, kimekula uniti moja. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo imalize uniti moja. Lakini mashine ya wati 2,000 huimaliza uniti hiyo kwa nusu saa tu.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue nguo ambazo zikiwa kavu zina uzito wa kilo 4. Hizo ni kama mashuka mawili, taulo mbili na nguo chache za kuvaa.

Zikikamuliwa kwa mikono, aghalabu hubaki na maji yapata lita 4, na pengine zaidi. Zidisha 4 kwa theluthi mbili. Utapata uniti 2 na theluthi mbili.

Zikikamuliwa kwa mashine ya kufulia inayozunguka mara 1,000 kwa dakika, hubaki na maji yapata lita 2.4. Zidisha kwa theluthi mbili. Utapata uniti 1.6.

Zikikamuliwa kwa mzunguko wa mara 1,400 kwa dakika, hubaki na maji yapata lita 2. Hapo utapata uniti 1 na theluthi moja.

Nguo ni zile zile, lakini gharama imeshuka mpaka nusu kabla hatujaigusa mashine ya kukaushia. Tena hizi ni hesabu za maji tu. Mashine ya kawaida hupoteza joto jingine hewani, kwa hiyo umeme wake huzidi hapo.

Je, kukamua kwenyewe kwala umeme kiasi gani? Wengi wenu mmeiona mashine ya kufulia yenye mapipa mawili, moja la kufulia na dogo la kukamulia. Tuseme pipa la kukamulia ni la wati 200, nalo lazunguka dakika 5. Wati 200 kwa saa nzima ni sehemu moja ya tano ya uniti. Na saa moja ina dakika tano mara 12. Tano mara 12 ni 60. Maana yake uniti moja yatosha kukamua mara 60.

Maji unayoyakamua huyalipii moto. Mtu afuaye kwa mikono, akitaka kuondoa shida ya mvua kwa fedha chache, heri atafute kwanza kitu cha kukamulia. Nguo zilizokamuliwa vizuri namna hiyo, zikitundikwa ndani penye dirisha wazi na feni ikizipulizia, nyingi hukauka kwa usiku mmoja. Feni ya wati 50 ikienda saa 8, imekula uniti 0.4 tu.

3. Aina za mashine

Wazo la kukausha nguo kwa pipa si la jana. Mfaransa mmoja aitwaye Pochon alitengeneza pipa lenye matundu, likizungushwa kwa mkono juu ya moto, yapata mwaka 1800. Na mwaka 1892 Mmarekani mweusi George T. Sampson, wa mji wa Dayton katika Ohio, alipewa hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa kukaushia nguo kwa joto la jiko. Tokea hapo mashine zimebadilika sana. Leo mtaona aina tatu.

Aina ya kwanza ni yenye bomba. Hupasha hewa moto, huipitisha katika nguo, kisha huitupa nje kwa bomba kubwa pamoja na mvuke wote. Bei yake dukani aghalabu ni ndogo. Lakini joto lote ulilolinunua latoka dirishani. Tena bomba lake sharti lifike nje ya nyumba.

Hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja wa mvua nilinunua mashine ya namna hii, iliyokwisha tumika. Muuzaji hakunieleza habari ya bomba, nami sikuuliza. Nikaiweka katika chumba changu cha vitabu na kufunga madirisha ili mvua isiingie. Nguo zilikauka, lakini ukuta ulitoa jasho. Baada ya wiki tatu nilikuta vitabu vyangu vimeota ukungu wa kijani. Maji ya nguo hayakupotea. Yalitoka katika mashati yakaingia katika vitabu. Hayo ndiyo malipo ya kununua bila kuuliza.

Aina ya pili haina bomba la nje. Hupasha hewa moto vile vile, lakini mvuke hupozwa ukawa maji tena, nayo hukusanyika katika chombo ambacho unakimwaga. Yafaa kwa chumba cha ghorofani. Lakini umeme wake ni mwingi, karibu sawa na ile ya kwanza.

Aina ya tatu ina pampu ya joto. Hii nayo hukusanya maji katika chombo. Tofauti yake ni kwamba hailitupi joto. Mnaijua friji? Friji huchukua joto lililo ndani na kulitoa nyuma yake. Weka mkono nyuma ya friji utalisikia. Mashine hii hufanya kazi kama friji. Hulichukua joto lililo katika mvuke na kulirudisha katika hewa inayoingia kwenye nguo. Joto lile lile hutumika tena na tena. Kwa sababu hiyo hula umeme yapata nusu ya nyingine, na mara nyingi chini ya nusu. Ubaya wake ni miwili: bei yake dukani ni kubwa, na huchukua muda mrefu zaidi, pengine saa mbili au tatu. Lakini joto lake si kali, kwa hiyo nguo hazichakai upesi.

Huko Ulaya serikali zimekwisha amua juu ya jambo hili. Uswisi ilianza mwaka 2012 kutaka mashine mpya ziwe za pampu ya joto. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya namna hiyo kwa mashine mpya za umeme ilianza tarehe 1 Julai 2025. Fikirini basi: mashine za zamani zilizotumika huko, mkizikuta zikiuzwa kwetu kwa bei ya chini, zitazameni kwa macho mawili. Huenda mwenyewe aliiacha kwa sababu alichoka kuilisha.

4. Kusoma lebo

Ninyi sasa mnajua kusoma. Basi tumieni elimu hiyo dukani.

Mashine nyingi zinazotoka Ulaya zina lebo yenye mistari ya rangi, kuanzia kijani mpaka nyekundu, na herufi kando yake. Kijani ni matumizi madogo, nyekundu ni matumizi makubwa. Lakini msiishie kwenye rangi. Tafuteni namba iliyoandikwa karibu na herufi hizi: kWh. Herufi hizo maana yake ni uniti.

Kwenye lebo ya zamani, namba hiyo ni uniti za mwaka mzima, kwa kukausha mara 160. Kwa hiyo gawanya kwa 160. Kwenye lebo mpya, ya tangu Julai 2025, namba hiyo ni uniti za kukausha mara 100. Hapo gawanya kwa 100.

Jaribuni hesabu hii. Mashine ya kwanza, tuiite A, ina lebo ya zamani yenye namba 400. Gawanya 400 kwa 160. Jibu ni uniti 2.5 kwa kila mara. Mashine ya pili, tuiite B, ni ya pampu ya joto na lebo yake ya zamani ina namba 160. Gawanya 160 kwa 160. Jibu ni uniti 1.

Tazameni pia namba ya kilo. Hiyo ni uzito wa nguo zikiwa kavu, si mbichi. Nyumba ya watu wawili au watatu haihitaji mashine ya kilo 9 au 10. Ya kilo 6 au 7 yatosha. Mashine kubwa ikizungushwa na nguo chache hupoteza umeme, na ndogo ikishindiliwa haikaushi.

Tena uliza kama mashine ina kipimo cha unyevu ndani yake. Mashine yenye kipimo hicho husimama yenyewe nguo zikikauka. Isiyo nacho huenda kwa saa tu. Ukiiweka dakika 90 nayo nguo zimekauka kwa dakika 60, nusu saa nzima unapasha moto nguo kavu.

5. Nyumba mbili, majibu mawili

Sasa twaja kwenye kiini. Je, A ni bora, au B? Wengi watajibu upesi, "B, kwa kuwa yala umeme kidogo." Ngojeni. Fungueni daftari.

Tufanye kwamba uniti moja ni shilingi 350 za Tanzania. Tufanye pia kwamba A inauzwa shilingi 900,000, na B shilingi 1,700,000. Hizi ni namba za mfano. Ninyi mtaweka bei za duka lenu na za umeme wenu, na mwenzetu wa Kenya ataweka za kwake. Tofauti ya bei ni shilingi 800,000.

Nyumba ya kwanza ina baba, mama na mtoto, na wana ua wenye kamba. Wanahitaji mashine wakati wa mvua tu, wiki 16 kwa mwaka, mara 3 kwa wiki.

16 mara 3 ni 48. Watakausha mara 48.
A: 48 mara 2.5 ni uniti 120. Mara 350 ni shilingi 42,000.
B: 48 mara 1 ni uniti 48. Mara 350 ni shilingi 16,800.
Tofauti kwa mwaka ni shilingi 25,200.

Gawanyeni 800,000 kwa 25,200. Mtapata karibu miaka 32. Mashine nzuri aghalabu hudumu miaka kumi au zaidi kidogo. Maana yake B itakufa kabla haijarudisha fedha yake. Kwa nyumba hii, mashine isiyokula umeme mwingi si mashine ya gharama ndogo. Hata A yenyewe ni fedha nyingi kwa kazi ya wiki 16. Nyumba hii heri inunue kitu cha kukamulia, kamba ya ndani na feni, na fedha itakayobaki ilipe ada ya mtoto.

Nyumba ya pili inakaa ghorofani, haina pa kuanika hata siku moja. Wanakausha mara 4 kwa wiki, wiki 52.

52 mara 4 ni 208.
A: 208 mara 2.5 ni uniti 520. Mara 350 ni shilingi 182,000.
B: 208 mara 1 ni uniti 208. Mara 350 ni shilingi 72,800.
Tofauti kwa mwaka ni shilingi 109,200.

Gawanyeni 800,000 kwa 109,200. Mtapata miaka 7 na miezi michache. Hapa B yarudisha fedha yake ikiwa bado yafanya kazi, na baada ya hapo ni faida. Kwa nyumba hii B ndiyo ya gharama ndogo, ingawa bei yake dukani ni kubwa.

Mmeona, ndugu zangu? Mashine ni zile zile mbili, lakini jibu ni mbalimbali. Basi msiulize tu, "Mashine gani ni nzuri?" Ulizeni kwanza, "Mimi nitakausha mara ngapi kwa mwaka?" Muuzaji hawezi kukujibu swali hilo. Walijua wewe na mwenzi wako.

Tena liko jambo moja lililojificha. Katika nchi zetu iko bei nafuu ya umeme kwa nyumba zinazotumia kidogo. Tanzania, kwa mfano, imekuwa na bei ya namna hiyo kwa nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi. Tuseme ninyi mwatumia uniti 60. Mkikausha mara 12 kwa mwezi kwa mashine A, mnaongeza uniti 30. Jumla ni 90, na mmeuvuka mpaka. Kwa mashine B mnaongeza 12, jumla 72, na bado mko ndani. Kabla ya kununua, nenda ofisi ya umeme ukaulize bei yako ni ipi na mpaka wake uko wapi.

6. Mazungumzo dukani

Sasa sikilizeni mazungumzo haya. Baadaye wanafunzi wawili watayasoma kwa zamu mbele ya darasa.

MUUZAJI: Shikamoo, mama. Karibu.
MAMA: Marahaba, mwanangu. Naona mashine za kukaushia. Hii yala uniti ngapi kwa mara moja?
MUUZAJI: Hiyo ni nzuri sana mama, imetoka Ulaya. Na bei tumepunguza.
MAMA: Nashukuru kwa kupunguza. Lakini nimeuliza uniti. Lebo yake iko wapi?
MUUZAJI: Lebo... nadhani ilibanduka, mama.
MAMA: Basi nisomee bamba la nyuma. Ni wati ngapi?
MUUZAJI: Imeandikwa 2,500.
MAMA: Hiyo si ya pampu ya joto, mwanangu. Ina bomba, au yakusanya maji?
MUUZAJI: Ina bomba, mama.
MAMA: Nami nakaa ghorofa ya tatu, chumba cha ndani. Haya, nioneshe yenye lebo. Halafu uniambie, ikiharibika ni nani wa kuitengeneza hapa mjini, na dhamana ni ya muda gani?
MUUZAJI: Mama, wewe umesoma!
MAMA: Nasoma jioni, mwanangu. Mara mbili kwa wiki.

Mama huyu hakugombana na mtu wala hakumdharau kijana. Aliuliza tu, akangoja jibu.

Swali la fundi ni kubwa. Mashine ya pampu ya joto ina gesi ndani yake kama friji, na si kila fundi wa mtaani anaiweza.

Neno kwa wenye ndugu Marekani. Ndugu akikuandikia kwamba atakuletea mashine yake ya kukaushia katika kontena, mshukuru, lakini mwambie asilipe nauli bure. Umeme wa huko haukupangwa kama wetu. Plagi yake haiingii hapa, na mota yake imetengenezwa kwa umeme wa mapigo 60 kwa sekunde, nao wetu ni wa mapigo 50.

7. Usalama

Mashine ya wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 10. Plagi yetu kubwa ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13. Kwa hiyo mashine hiyo sharti ipate soketi yake yenyewe ukutani, iliyofungwa na fundi wa umeme. Msiichomeke katika ekstensheni pamoja na friji na pasi. Waya utapata moto, na moto utapanda ukutani. Mashine ya pampu ya joto huvuta umeme kidogo zaidi, lakini sheria ni ile ile.

Jambo la pili ni nyuzi. Nguo zikizunguka hutoa nyuzi laini kama pamba. Nyuzi hizo hunaswa na chujio lililo mlangoni. Safisheni chujio hilo kila mara, si kila mwezi. Nyuzi kavu huwaka kama makumbi. Katika Marekani ilihesabiwa kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine hizi zilileta moto yapata mara 2,900 kila mwaka majumbani, na sababu kubwa kuliko zote ilikuwa ni kutosafisha. Chujio likijaa, tena, hewa haipiti, nguo hazikauki, na umeme unakwenda bure. Kusafisha kwachukua nusu dakika.

Msitie humo kitambaa kilicholowa petroli, mafuta ya taa au mafuta ya kupikia, hata kama kimefuliwa. Na msilale wala kutoka nyumbani mashine ikiwa inazunguka.

8. Tukumbuke

Kwanza, jua likiwako, litumieni. Jua halina mita. Pili, kamueni sana kabla ya kukausha. Tatu, hesabuni mtakausha mara ngapi kwa mwaka. Nne, msinunue mashine isiyo na lebo au bamba la wati. Tano, safisheni chujio. Na la sita, lililo juu ya yote: jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani, hata nguo zikikaa mbichi wiki nzima.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini nguo zilizokamuliwa kwa mikono hula umeme mwingi zaidi katika mashine ya kukaushia?
2. Lebo mpya yasema uniti 130 kwa mara 100. Ni uniti ngapi kwa mara moja? Kwa bei ya umeme wa nyumbani kwako, ni shilingi ngapi?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini nyumba ya kwanza na nyumba ya pili hazikupata jibu moja.
4. Mama wa dukani aliuliza maswali mangapi? Yaandike.

Kazi ya nyumbani: Chukua shati moja kavu, ulipime kwa mizani ya duka la jirani. Lifue, ulikamue kwa nguvu zako zote, kisha ulipime tena. Toa uzito wa kwanza katika wa pili. Jibu ndilo maji uliyoshindwa kuyatoa. Andika katika daftari, na wiki ijayo mtalinganisha ni nani mwenye mikono ya nguvu.

Haya, ndugu wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.